Siku Zikiuzwa Si Makadirio Tena: Kisa cha Wapima Sarafu

Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni. Hawakunena kwamba makadirio ni deni, kwa kuwa katika zama zao mtu aliyetaja siku alikuwa amekwisha kujifunga kwa siku hiyo, na alipoona kwamba hataiweza alitangulia kwenda kuomba radhi kabla hajafuatwa. Leo ipo biashara kubwa ambamo siku hutajwa, huandikwa na kutozwa ada. Kisha zikipita pasi na jambo kutendeka, mteja huambiwa kwamba yale yalikuwa makadirio tu. Nazungumzia kampuni za Marekani zinazopima ubora wa sarafu za kale na kuzipa alama.

Najua yuko msomaji atakayeuliza: mwalimu wa isimu na sarafu, wapi na wapi? Jibu langu ni kwamba kati ya mwaka wa 2021 na 2022 nilingojea sarafu moja kwa muda wa miezi kumi, na katika kungoja huko nilizisoma barua za kampuni iliyoishika neno kwa neno, kama nizisomavyo tasnifu za wanafunzi wangu. Niliyoyakuta humo yanatuhusu sisi walimu, na wanafunzi wetu, pengine kuliko yanavyowahusu wakusanyaji wa sarafu.

Ami yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa zaidi ya miaka 30. Alipofariki aliacha nyumba, vitabu, na mkebe wa biskuti uliojaa sarafu. Kwa mtu wa taaluma yangu mkebe ule ulikuwa sawa na kamusi. Mlikuwamo pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar, yenye picha ya mizani na mwaka wa 1299 wa Hijria, yaani 1882. Na neno pesa, kama tujuavyo, lilitujia kutoka paisa ya Bara Hindi. Mlikuwamo heller za Wajerumani, ambao mwaka wa 1904 waliigawa rupia yao katika heller 100. Utawala wao ulikwisha zamani, lakini hadi leo mtu akifilisika husema hana hela. Mlikuwamo pia senti kumi yenye tundu, ya mwaka wa 1936, iliyoandikwa jina la Edward VIII, mfalme aliyeacha kiti mwezi wa Desemba mwaka huo huo kabla hajavikwa taji.

Sarafu hizo zinapendeza kwa historia yake, lakini sokoni hazimtajirishi mtu. Ile yenye thamani ilikuwa imefungwa peke yake katika kitambaa: rupia 15 ya dhahabu, iliyopigwa chapa Tabora mwaka wa 1916. Katika Vita Vikuu vya Kwanza manowari za Waingereza ziliwafungia Wajerumani njia ya bahari, na fedha ikawa adimu katika koloni lao. Wakaigeuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha sarafu, wakatumia dhahabu iliyochimbwa Sekenke, na katika miezi michache wakapiga sarafu zaidi ya 16,000 kabla ya majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo kuuteka mji mwezi wa Septemba 1916. Upande mmoja wa sarafu hiyo pana tai wa dola, na upande wa pili pana ndovu aliyeinua mkonga, na milima nyuma yake. Ya kwetu ilikuwa imevaliwa shingoni na nyanya yetu kwa miaka mingi, kama kidani.

Binti wa mwisho wa ami yangu alikuwa amepata nafasi katika chuo kimoja, na alitakiwa kuripoti mwezi wa Januari 2022 akiwa na karo. Wazee wa ukoo waliketi, wakaafikiana kwamba ndovu wa Tabora auzwe ili mtoto asome. Mnunuzi alipatikana ng'ambo, mtu mwungwana, lakini alikuwa na sharti moja: kwanza sarafu ipelekwe kwenye kampuni ya kupima, ithibitishwe kwamba si bandia, na ipewe daraja. Hatukuliona sharti hilo kuwa la dhuluma. Dhahabu hughushiwa, na mnunuzi aliye mbali hawezi kuiona sarafu kwa jicho lake wala kuigusa kwa mkono wake.

Hapa yafaa nieleze kampuni hizi zilivyozaliwa, maana hazikuzaliwa kwa hila. Hapo zamani muuzaji wa sarafu ndiye aliyekuwa hakimu wa mali yake mwenyewe, na mwamba ngoma huvutia kwake: sarafu iliyokuwa nzuri tu wakati wa kununuliwa iligeuka kuwa nzuri mno wakati wa kuuzwa. Mwaka wa 1949 Mmarekani William Sheldon, aliyekuwa daktari na mwanasaikolojia, alitoa kitabu kuhusu senti za kale za nchi yake, na humo akapendekeza mizani ya kuanzia 1 hadi 70. Moja ni sarafu iliyosagika hata ikatambulikana kwa shida. Sabini ni ile isiyo na dosari yoyote. Mwaka wa 1972 chama cha wakusanyaji wa sarafu wa Marekani kilianzisha ofisi ya kutambua sarafu za bandia, na mwaka wa 1979 ofisi hiyo, iliyojulikana kwa jina la ANACS, ikaanza kutoa madaraja vilevile. Kisha zikaja kampuni mbili ambazo ndizo kubwa hadi leo: PCGS, iliyoanza kupokea sarafu mwaka wa 1986, na NGC, iliyofuata mwaka wa 1987. Jambo jipya walilolileta ni kuifungia sarafu ndani ya kikasha cha plastiki kisichofunguka bila ya kuharibika, pamoja na karatasi yenye alama yake, na kuidhamini alama hiyo kwa fedha zao.

Kazi yenyewe, mwalimu yeyote ataitambua. Mpimaji haambiwi sarafu ni ya nani. Wapimaji wasiopungua wawili huiangalia sarafu ile ile, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja huiwekea alama. Kisha mwenye uzoefu zaidi huzilinganisha alama zao na kuamua. Je, hivi sivyo tunavyotaka insha za mitihani zisahihishwe? Jina la mtahiniwa lifichwe, wasahihishaji wawe zaidi ya mmoja, na awepo mkuu wao wa kusuluhisha. Wala kazi hii si ya mchezo. Kwa sarafu fulani tofauti ya alama moja tu hugeuza bei mara kadhaa, na kampuni ikikosea hulazimika kumfidia mwenye mali.

Basi rafiki yangu tuliyesoma pamoja, ambaye anaishi Marekani, alijiandikisha kuwa mwanachama wa kampuni mojawapo, kwa kuwa mtu wa njiani hapokelewi, akaipeleka sarafu yetu. Kampuni sitaitaja, maana nia yangu si kulipiza kisasi. Fomu yake ilikuwa na ngazi kadhaa za huduma. Aliyetaka kungoja muda mrefu alilipa ada ndogo. Aliyetaka siku chache alilipa zaidi. Sisi tulichagua ngazi ya siku 45 za kazi, yaani wiki tisa, tukalipa ada yake. Sarafu ilipokelewa katikati ya mwezi wa Septemba 2021. Tulipiga hesabu kwamba mwishoni mwa Novemba itakuwa imetoka, Desemba itauzwa, na Januari mtoto ataripoti chuoni.

Novemba ikaja ikapita. Rafiki yangu alipouliza, alifahamishwa kwamba siku 45 hazikuwa zimeanza kuhesabiwa. Zingeanza siku ambayo kifurushi kingefunguliwa na kuandikishwa, nacho kilikuwa bado kimo ghalani pamoja na vingine. Kiliandikishwa mwanzoni mwa Desemba. Tukaanza kuhesabu upya, tukafika katikati ya Februari, nazo siku 45 za pili zikesha. Katika tovuti ya kampuni mbele ya nambari yetu palikuwa na maneno yale yale, wiki baada ya wiki: imepangwa kupimwa. Tulipoandika tulijibiwa, tulipoandika tena tulijibiwa vivyo hivyo, herufi kwa herufi. Rafiki yangu alipiga simu, akasubiri kwa muda mrefu akisikiliza muziki, na hatimaye kijana mwenye adabu akamsomea yale yale yaliyoandikwa kwenye tovuti.

Barua hizo ziliandikwa kwa Kiingereza, nami nazieleza kwa lugha yetu. Zilikuwa na sentensi tatu. Ya kwanza: tunakushukuru kwa subira yako. Ya pili: agizo lako linashughulikiwa. Ya tatu: ucheleweshaji umetokea kwa sababu ya wingi wa maagizo.

Tuanze na hiyo ya pili. Linashughulikiwa na nani? Kauli ya kutendwa ina kazi yake halali katika lugha: twaitumia pale mtenda asipojulikana, au asipokuwa na umuhimu. Hapa mtenda ndiye hasa tuliyekuwa tukimtafuta. Sentensi ile ilimficha nyuma ya kiambishi kimoja, na tena ikadai kwamba kuna tendo linaloendelea, ilhali sarafu ilikuwa imelala sandukuni wala hapakuwa na mtu aliyeigusa.

Sentensi ya tatu inamfuta mtenda kabisa. Ucheleweshaji umetokea, kama utokeavyo uyoga baada ya mvua. Katika Kiswahili tunayo kauli ya kutendeka, na watoto wetu huijua mapema mno. Mtoto aliyeangusha sahani haji kwa mamaye akasema, nimevunja sahani. Husema, sahani imevunjika. Naye mama, ambaye hakusomea isimu popote, humuuliza papo hapo: imevunjika yenyewe? Swali hilo moja lingeweza kuzipindua barua zote tulizoandikiwa.

Ama sentensi ya kwanza, ndiyo iliyonichoma zaidi. Kumshukuru mtu kwa kitu ni kuchukulia kwamba amekwisha kukitoa kwa hiari yake. Sisi hatukutoa subira, ilichukuliwa. Mtu mwenye adabu husema: tuwie radhi. Radhi huombwa, na mwombwaji ana haki ya kuitoa au kuinyima. Shukrani ya namna ile humnyima hata nafasi hiyo.

Yupo mwanafalsafa wa Uingereza, J. L. Austin, ambaye mihadhara yake ilichapishwa kuwa kitabu mwaka wa 1962, miaka miwili baada ya kufa kwake. Austin alitufunza kwamba maneno mengine hayaelezi jambo bali hulitenda. Anayesema naahidi haelezi ahadi. Anaifanya, pale pale, kwa kutamka. Wanasheria wa kampuni hizi bila shaka wanalijua hilo, ndiyo maana katika fomu zao neno ahadi halimo. Limewekwa neno makadirio, na kwa kawaida huongezwa tamko kwamba muda uliotajwa haudhaminiwi.

Nakubali kwamba makadirio si ahadi. Mkulima akikisia kwamba mvua itanyesha mwezi wa Machi, hatumdai mvua. Lakini mkulima hatuuzii Machi kwa bei moja na Aprili kwa bei nyingine. Kampuni iliyopanga siku katika ngazi, ikaziwekea ngazi hizo bei, na ikamtoza zaidi mtu anayetaka siku chache, imeuza siku. Kilichotofautisha ngazi yetu na ile ya chini yake kilikuwa muda, na ule muda ndio tulioununua. Kitu kilichouzwa kisipoletwa ni deni, hata muuzaji akikibandika jina gani. Hii ndiyo hoja yangu yote katika makala haya, na mengine ni maelezo yake.

Haki hudai nisikize upande wa pili. Katika mwaka wa 2020 na 2021, maradhi ya korona yalipowafungia watu majumbani, wengi walifungua masanduku ya baba zao wakatoa sarafu, stampu na kadi za wachezaji. Maombi yakafurika kwenye kampuni za kupima wakati ule ule ambapo wafanyakazi walitakiwa kukaa mbalimbali. Mpimaji naye hapatikani sokoni kama kibarua wa kubeba magunia. Jicho lake hulelewa kwa miaka, kwa kutazama maelfu kwa maelfu ya sarafu, na anayeajiriwa leo hawezi kuaminiwa kesho. Kumharakisha ni hatari pia, kwa sababu mpimaji mwenye pupa ni sawa na msahihishaji anayegawa alama kwa kuangalia urefu wa insha. Mimi mwenyewe ningalichagua kungoja mwaka mzima nipate hukumu ya haki kuliko kupata hukumu ya ovyo kwa wiki moja.

Kwa hiyo simlaumu mtu kwa kuchelewa. Namlaumu kwa kuendelea kupokea. Ghala lilipokuwa limejaa hadi darini, fomu ilisema bado ni siku 45, na ada ikaendelea kupokelewa. Kwamba njia nyingine ilikuwepo, tulionyeshwa na kampuni ndugu ya PCGS, iitwayo PSA, ambayo hupima kadi za wachezaji. Mwezi wa Machi 2021 ilitangaza hadharani kwamba katika siku tatu imepokea kadi nyingi kuliko ilizopokea katika miezi mitatu iliyotangulia, ikasimamisha ngazi zake nyingi za huduma ili kwanza ipunguze mrundiko. Wateja walikasirika, na wengi walikuwa na kadi zao mle ndani ambazo zingeendelea kungoja. Lakini aliyekuwa bado nje alijua mlango umefungwa, akaenda na shughuli zake. Wala haisemeki kwamba biashara hii ni ya maskini wasio na uwezo wa kuajiri watu wa kujibu barua: mwaka huo huo wa 2021 kampuni mama ya PCGS ilinunuliwa na kundi la matajiri, na ile ya NGC hisa zake nyingi zikachukuliwa na kampuni kubwa ya uwekezaji ya Blackstone.

Nirejee nyumbani. Kila Ijumaa binti wa ami yangu alinipigia simu. Hakunisumbua; aliuliza mara moja tu, kwa upole: "Kaka, wamesemaje?" Nami nilimjibu kila Ijumaa kwamba linashughulikiwa, tuvute subira. Ijumaa moja ya mwezi wa Machi, wakati wenzake walikuwa wamekwisha kusoma miezi miwili, alinijibu maneno ambayo sijayasahau.

"Kaka, subira ninayo. Lakini nikiambiwa ni mwaka, nitatafuta kazi ya mwaka. Nikiambiwa ni wiki mbili, nitakaa nizisubiri. Sasa nimekaa wiki mbili mbili tangu Novemba, na kazi sikutafuta."

Mzigo wa kucheleweshwa ulikuwa hapo. Miezi kumi, laiti tungeiambiwa mwanzoni, tungeipangia. Yuko mjomba aliyekuwa tayari kuuza ng'ombe wawili. Alisita, kwa sababu dhahabu iko njiani. Mimi mwenyewe ningekopa katika chama chetu cha ushirika. Nilisita, kwa sababu dhahabu iko njiani. Kila aliyeweza kuchanga alirudisha mkono mfukoni kwa sababu ya zile siku 45. Makadirio yasiyo ya kweli hayakutuchelewesha tu, bali yalituzuia tusijisaidie. Nafasi ya Januari ilipotea, na binti yule akaingia chuoni Januari ya mwaka uliofuata.

Sarafu ilitoka mwezi wa Julai 2022. Ilithibitishwa kuwa ni halali, dhahabu ya Tabora kwelikweli. Lakini haikupewa nambari, kwa sababu iligunduliwa kwamba ukingoni ina alama ya kuwahi kutiwa kikuku cha kuning'inizia. Sarafu iliyotundikwa au kusafishwa kwa nguvu haipewi alama katika mizani ya 70; huandikiwa kasoro yake. Hukumu hiyo naiona ya haki, na nyanya yetu hatujutii kuivaa. Tuliiuza kwa bei ya chini kuliko tuliyotarajia, lakini karo ya mwaka wa kwanza ilipatikana. Jambo ambalo sikuweza kulisahau ni kwamba dosari ile huonekana kwa kioo cha kukuzia katika muda wa kunywa kikombe cha chai. Tulingoja miezi kumi tupate neno moja.

Kampuni hizi zikitaka ushauri wa mwalimu, ninao, na hauna gharama kubwa. Siku zihesabiwe tangu kifurushi kinapofika, kwa sababu mteja huhesabu hivyo. Muda unaotangazwa uwe ule ambao maagizo ya mwezi uliopita yalichukua kwa kweli, wala si ule ambao kampuni inatumaini. Siku zilizouzwa zikipita, tofauti ya ada irudishwe bila ya mteja kuomba. Barua ya kumweleza mteja kwamba mambo yameharibika iandikwe kabla hajauliza, iwe na jina la aliyeiandika, na ianze kwa nafsi ya kwanza: tumechelewa.

Hapo ndipo nilipokusudia kuimaliza makala hii nilipoianza, nikiwa na hasira zangu na kalamu yangu. Lakini lipo jambo lililonitokea mwezi ule ule wa Julai, ambalo likinyamaziwa nitakuwa nimewadanganya wanafunzi wanaonijua.

Mlango wa ofisi yangu ulibishwa. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa nne ambaye alama zake za somo langu hazikuwa zimetoka. Alikuwa ameomba kazi ya kufundisha katika shule moja ya kibinafsi, nao walitaka matokeo kamili. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, akasema: "Daktari, samahani, nilikuja kuulizia zile alama." Nami bila ya kuinua uso nikamjibu: "Zinashughulikiwa."

Karatasi zake zilikuwa ndani ya sanduku, chini ya meza yangu, karibu na mguu wangu wa kushoto. Zilikuwa hapo kwa wiki saba. Hakuna aliyekuwa akizishughulikia. Kijana aliitikia, akashukuru, akafunga mlango taratibu, na nadhani alikuwa amefika ngazi za chini nilipolisikia neno nililolitumia.

Walimu wenzangu, tuulizane kwa uaminifu. Ni mara ngapi tumeahidi kurudisha insha Jumatatu, na Jumatatu ikafika tukaingia darasani tukifundisha kana kwamba hatukusema kitu? Ni tasnifu ngapi zimelala mezani mwa wasimamizi hata mwanafunzi akaanza kuogopa kuuliza, asije akaonekana msumbufu? Mwanafunzi hana kampuni nyingine ya kupeleka sarafu yake. Mwenye kampuni humwogopa mteja atakayehama. Sisi twamwogopa nani? Nasi vilevile tuna sababu zetu za kweli: madarasa yaliyojaa, mishahara inayochelewa, karatasi 300 kwa msahihishaji mmoja. Sababu hizo ni nzito kama zile za wapima sarafu. Zinatosha kuchelewesha kazi, lakini hazitoshi kumnyima mtu habari.

Na ninyi wanafunzi, nawaombeni msione haya kuuliza swali la mama mwenye sahani. Liulizeni kwa adabu, kwa maneno mliyofunzwa nyumbani, lakini liulizeni. Mkiambiwa kazi inashughulikiwa, ulizeni inashughulikiwa na nani, na lini mrudi. Mtu aliyetajiwa siku ana kitu cha kushika mkononi. Nanyi wenyewe mtakapokuwa walimu, makarani au wauguzi, mkumbuke jinsi kilivyo kirefu kiambaza cha nje ya ofisi kwa mtu aliyeegemea bila ya kujua anangoja nini.

Mimi siku ile nilimfuata kijana, nikamkuta chini ya mwembe ulio karibu na lango. Nilimwambia kwamba karatasi zake sijazigusa, kwamba kosa ni langu, na kwamba Alhamisi saa nne atapata alama zake. Alizipata Ijumaa asubuhi, na Alhamisi jioni nilikuwa nimempigia simu kumweleza. Tangu hapo hubandika mlangoni pangu karatasi yenye tarehe ya kurudisha kazi za kila darasa. Muhula uliopita nilishindwa tarehe moja kwa siku nne. Niliikata kwa kalamu nyekundu, nikaandika mpya kando yake, na chini nikaandika: nimechelewa.